Kumkanda mtu kwa miguu: mwongozo wa nyumbani kwa anayeanza

"Mimi nina kilo 85. Nikimpanda mume wangu mgongoni si nitamvunja mbavu?" Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, nimeona bora niliandike pamoja na ndugu zake: nisimame wapi, nipake mafuta au nisipake, mbona mguu wangu unatetemeka, na kwa nini kiuno chake kinauma palepale hata baada ya kukandwa.

Jibu la kwanza ni kwamba humpandi. Anayeanza hasimami na miguu yote miwili juu ya mwenzake, hata akiwa na kilo 45. Mguu mmoja unabaki sakafuni, na huo ndio unaobeba mwili wako. Mguu wa pili unakanda kwa uzito ule tu ulioamua kuupeleka. Ukilishika hili, kilo zako hazina neno. Mnene anayejua kujizuia anakanda vizuri kuliko mwembamba anayejitupa.

Wengi wetu kazi hii tuliianza utotoni. Babu analala kifudifudi mkekani, anaita mjukuu aje amkanyage mgongo, mtoto anatembea huku na huko akishika ukuta. Kwingine jambo hilohilo limekuwa fani kamili. Kerala, kusini mwa India, mkandaji hushika kamba iliyofungwa juu na kutelezesha unyayo wenye mafuta ya ufuta kutoka kisigino hadi ncha ya vidole vya mkono; kazi hiyo imekua pamoja na kalaripayattu, mchezo wa mapigano wa huko. Thailand wanatumia miguu, magoti na viwiko, na masaji yao, nuad thai, iliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2019. Marekani kuna wanaokanda wakiwa wameshika vyuma vilivyofungwa darini. Hao wote wamesomea. Hapa tunafanya ya nyumbani: bila kamba, bila vyuma, na hakuna kutembea juu ya mtu. Yule mjukuu alisamehewa makosa yake kwa sababu ya wepesi wake. Wewe mtu mzima hutasamehewa.

Nani asikandwe kwa miguu

Sehemu hii usiiruke. Usimwekee mguu:

- mwenye mimba, au anayedhani huenda anayo;
- mwenye mifupa dhaifu, mzee aliyewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu, au anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu;
- anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, au anayevilia damu kirahisi;
- mwenye mguu mmoja uliovimba, wa moto na unaouma. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kuukanda kunaweza kulisukuma bonge la damu hadi mapafuni. Huyo anapelekwa hospitali siku hiyohiyo;
- aliyefanyiwa upasuaji karibuni, aliyeanguka au kupata ajali na hajapimwa;
- mwenye saratani, mpaka daktari wake aseme;
- mwenye homa, vidonda, majipu, au ngozi yenye maambukizi;
- mwenye selimundu wakati maumivu yamempanda;
- mwenye kisukari ambaye miguu imeingia ganzi. Hawezi kukuambia kwamba unamuumiza, kwa hiyo kipimo chako kikuu hakipo.

Na kuna maumivu ya mgongo ambayo si ya kukandwa kabisa: yanayokuja pamoja na kushindwa kuzuia mkojo au choo, ganzi katikati ya mapaja, mguu kukosa nguvu, homa, au kupungua uzito bila sababu. Hapo kila saa ina thamani yake. Hospitali.

Watoto tuwaache. Mtoto akiumwa na miguu usiku, mkande kwa mkono.

Vitu vya kuandaa

*Godoro jembamba* la sponji, inchi 2 au 3, au mkeka wenye blanketi mbili juu yake. Godoro la kitandani halifai: mtu anazama, kiuno kinapinda, na wewe unayumba. Kama sakafu ni ya vigae, sukuma godoro mpaka liguse ukuta ili lisitembee.

*Viti viwili vizito vya mbao*, vyenye migongo ya kushika. Viti vya plastiki vya kukodi kwenye sherehe achana navyo. Ukiegemea kidogo vinapinduka na unamwangukia mtu. Ukiwa na kiti kimoja tu, tumia ukuta upande wa pili. Na tafadhali, usifunge kamba kwenye ndoano ya feni wala kwenye bomba la pazia. Ndoano imewekwa kubeba feni, haikuwekwa kukubeba wewe.

*Kigoda* au kiti kifupi, kwa hatua ya mabega.

*Kanga au shuka safi mbili*, moja ya kutandika na moja ya kumfunika. Anayeanza anakanda juu ya kanga, bila mafuta. Najua picha za kwenye simu zinaonyesha migongo inayong'aa. Mafuta yanapunguza msuguano, na msuguano ndio unaokuzuia usiteleze kwenda kwenye uti wa mgongo. Tena tone moja likidondoka kwenye kigae, mguu wako wa kusimamia umekwisha. Mafuta ya nazi yaweke kando; utayatumia mwishoni, kwa mikono.

*Mto mwembamba* wa kuweka chini ya vifundo vya miguu, na taulo la kukunja chini ya paji la uso.

*Besheni, maji ya uvuguvugu, sabuni, kikatia kucha na jiwe la kusugulia miguu.* Magaga yanakwaruza hata juu ya kanga. Kama kisigino chako kimepasuka, kisugue na kukipaka mafuta kila usiku wiki nzima kabla hujamgusa mtu. Mwenye fangasi katikati ya vidole atibiwe kwanza. Vikuku na pete za vidoleni vua.

Anayekandwa awe amekula angalau saa moja na nusu kabla, na aende haja ndogo. Tenga dakika 30 hadi 40. Zaidi ya hapo mguu wako unachoka na unaanza kukosea.

Zoezi la mizani kabla ya mtu

Karibu kila aliyeniletea malalamiko alikuwa ameliruka zoezi hili. Chukua mizani ya kupimia uzito wa mwili, iweke sakafuni, simama kando yake ukiwa umeshika kiti. Weka mguu mmoja juu ya mizani. Bonyeza polepole mpaka isome kilo 5. Tulia hapo kwa pumzi mbili, kisha achia polepole vilevile. Panda hadi 10, halafu 15. Utaona mambo mawili yatakayokushangaza: kilo 5 ni uzito mdogo sana kwa mguu lakini mkubwa kwa kigimbi cha mtu, na kuachia polepole ni kugumu kuliko kubonyeza.

Kisha funga macho. Bonyeza mpaka udhani umefika 10, fumbua uangalie. Wengi mara ya kwanza wanakuta 16 au 17. Rudia mpaka makosa yapungue yawe kilo moja au mbili, kwa kila mguu, maana mguu wa kushoto na wa kulia haviko sawa.

Huna mizani? Ndoo ya lita 10 ikijaa maji ni kilo 10. Inyanyue, uusikie uzito wake mkononi, kisha mtafute mtu mzima mwenye afya akuwekee paja na akuambie lini umefika hapo. Si sahihi kama mizani, ila ni bora kuliko kubahatisha.

Vipimo ninavyowapa wanaoanza ni hivi: vigimbi visizidi kilo 5, mapaja na misuli ya kando ya uti wa mgongo visizidi 10, makalio 15. Mwenzako akiwa mwembamba au mwenye umri, kata nusu.

Hatua kwa hatua

1. Osheni miguu, wewe na yeye. Kausha katikati ya vidole. Kata kucha, kisha pitisha kidole cha mkono kwenye ncha zake. Ukisikia mkwaruzo, na yeye atausikia.

2. Mlaze kifudifudi. Mto chini ya vifundo vya miguu, taulo chini ya paji la uso ili pua ipumue, mikono kando ya mwili. Mwanamke ambaye matiti yanamsumbua akilala hivyo, mkunjie kanga umwekee juu kidogo ya matiti na nyingine chini yake. Asiyeweza kabisa kulala kifudifudi usimlazimishe: alale ubavu, umkande kwa mikono.

3. Kubalianeni ishara. Mtu aliyelala uso chini sauti yake haisikiki vizuri, na wengine, hasa wazee, wanaona haya kusema "unaniumiza". Mwambie: "Ukipiga sakafu mara mbili, natoa mguu." Kisha mpe namba: sifuri hakuna kitu, kumi haivumiliki. Mnataka nne mpaka sita. Uliza mara kwa mara kwa maneno mepesi, "Bibi, nipunguze?" Akikujibu "hapo hapo mwanangu" na pumzi yake imetulia, umefika. Akikujibu kwa kubana meno, punguza hata kama kasema endelea.

4. Anza na nyayo zake. Simama mwisho wa godoro umempa mgongo. Vidole vyake vitazame ndani, visigino vianguke nje, ili nyayo ziangalie juu. Sasa weka visigino vyako katikati ya nyayo zake, kwenye lile tao, huku sehemu ya mbele ya miguu yako ikibaki sakafuni. Uzito wako wote uko mbele, kwenye sakafu. Rudisha kidogo tu nyuma, upande wa kulia, kisha wa kushoto, taratibu, kama dakika tatu. Hii ndiyo hatua salama kuliko zote na ndiyo inayolegeza mtu haraka zaidi. Mara nyingi hapo ndipo unaposikia lile pumuo refu. Visigino vyako visimguse kwenye vifundo wala kwenye vidole. Kama sehemu ya juu ya unyayo wake haigusi chini, mwongezee mto kwanza, la sivyo kifundo kinabeba mzigo usio wake.

5. Vigimbi. Geuka, simama kando yake, shika kiti. Weka tao la unyayo wako juu ya kigimbi, usitumie kisigino. Hapa usibonyeze kwenda chini. Sukuma kigimbi kiende upande mmoja na kurudi, kwa upole, toka juu ya kano ya kisigino hadi chini ya goti. Nyuma ya goti ruka. Pale mishipa ya damu na ya fahamu ipo juujuu. Aliye na mishipa ya miguu iliyotutumka, vigimbi vyake viache kabisa.

6. Mapaja. Anzia upana wa kiganja kimoja juu ya goti, panda mpaka chini ya kalio, vituo vinne au vitano. Kila kituo: subiri atoe pumzi, ndipo ubonyeze, akivuta pumzi, punguza. Mdundo ni wa pumzi yake, si wa muziki uliowasha. Paja la ndani liache.

7. Makalio. Kaa hapa muda mrefu kuliko kwingine kote. Dereva wa daladala, fundi cherehani, karani, mwanafunzi, hata mama anayefua akiwa ameinama, wengi wao wanakuonyesha kiuno kwa kidole huku msuli uliokaza uko chini zaidi, kwenye kalio. Simama usawa wa paja, unyayo wako ukae sehemu ya juu na ya nje ya kalio, chini kidogo ya ukingo wa mfupa wa nyonga. Bonyeza kwa unyayo mzima, tulia pumzi tatu, achia. Sogea upana wa vidole viwili, rudia. Baada ya hapo, ukiwa umeacha unyayo uleule, mtikise mbele na nyuma kwa uzito mdogo ili nyonga nzima iyumbe.

   Kisigino kinaruhusiwa hapa, ila baada ya unyayo kufungua njia, na kwa sehemu ya nje tu. Katikati na chini ya kalio unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Akisema anasikia kitu kama umeme au ganzi ikishuka, umeugusa. Toa mguu, sogea juu na nje. Usibishane naye kwamba "ndiyo dawa inaingia".

8. Mfupa bapa ulio chini kabisa ya mgongo, ule ulio juu ya mfereji wa makalio. Weka unyayo wako uukate kwa mapana, uzito mdogo, tikisa polepole kulia na kushoto kwa dakika moja. Wengi hupenda hapa kuliko wanavyotarajia. Kisigino hapana.

9. Mgongo. Soma hatua hii mara mbili. Kuna misuli miwili mirefu inayopita pande zote za uti wa mgongo kama reli. Unakanda reli, hukanyagi katikati. Tuseme umeanza upande wake wa kushoto. Simama kando ya kiuno chake, uso wako ukielekea kichwani kwake, mguu wako wa kushoto sakafuni, mkono kwenye kiti. Mguu wa kulia uweke kwa urefu juu ya msuli wa upande huohuo wa kushoto. Kidole chako kidogo cha mguu ndicho kilicho karibu na uti wa mgongo, na kati yake na mfupa pabaki upana wa vidole viwili vya mkono. Kabla ya kubonyeza, inama uupapase uti wa mgongo kwa mkono, uhakikishe. Ukiwa mgeni wa kazi hii, fanya hivyo kila unapobadilisha kituo.

   Anzia usawa wa mifupa bapa ya mabega. Uzito uwe kwenye sehemu ya mbele ya unyayo, kilo 5 kwanza, akitoa pumzi. Pumzi mbili, achia, shuka. Vituo vitatu au vinne vinatosha, mpaka kabla ya mbavu za mwisho. Kisha hamia upande wa pili wa godoro, uanze upya kwa mguu wa kushoto.

   Kati ya mbavu za mwisho na mfupa wa nyonga, usiweke mguu. Ukingoni mwa hapo ndipo zilipo zile mbavu fupi zisizoshikana na kifua mbele, na figo ziko ndani yake. Najua utaniambia, "Lakini ndipo panapomuuma!" Rudi kwenye makalio tena, au pakande kwa viganja. Hatua ya 7 ikifanywa vizuri, pale juu hulegea penyewe mara nyingi.

10. Mabega. Kaa kwenye kigoda upande wa kichwa chake. Weka nyayo zako juu ya mabega, kwenye nyama iliyo kati ya shingo na ncha ya bega, na usukume kwenda upande wa miguu yake, kulia kisha kushoto, kwa zamu. Kwa kuwa umekaa, uzito wako wote uko kwenye kigoda. Unasukuma kwa nguvu za mapaja tu. Shingo haiguswi na mguu kamwe, wala kichwa, na hakuna kuisokota shingo.

11. Viganja vya mikono yake, kama anapenda: unyayo wako juu ya kiganja kilichofunguka, kilo mbili tatu, pumzi moja moja.

12. Maliza kwa mikono. Toa kanga, paka mafuta ya nazi kidogo, pitisha viganja kutoka kiunoni hadi mabegani mara kadhaa. Mfunike, mwache dakika tano. Akiamka, ageukie ubavu, akae kwanza, ndipo asimame. Hukumgeuza chali, umeona? Tumboni na kifuani mguu hauna kazi.

Makosa yanayorudi kila mara

Kuangalia chini muda wote. Shingo yako inapinda, mwili unafuata kichwa, na uzito unamwendea mtu bila wewe kujua. Ukishaweka mguu mahali pake, inua macho na usikilize kwa unyayo.

Kukaza goti la mguu wa kusimamia. Goti lililokaza haliwezi kupunguza uzito ghafla; likunje kidogo daima.

Kurukaruka, au kubonyeza kwa kushtukiza ili mgongo "ulie". Sauti si lengo, na mgongo ulio kimya si mgongo uliokataa kupona.

Kusugua kwa kuvuta unyayo juu ya kanga kavu. Ngozi inachubuka. Bila mafuta unabonyeza, unatikisa, unaachia, huburuti.

Na lile la wanaume wawili wakishindana nani anavumilia zaidi. Sina dawa yake.

Mambo yakikwama

*Anacheka, nyayo zinamtekenya.* Mguso mwepesi ndio unaotekenya. Weka kisigino chote kwa uthabiti, juu ya kanga iliyokunjwa mara mbili, usikisogeze. Ikishindikana, anza na mapaja.

*Mguu wangu unatetemeka.* Ni mguu wa kusimamia uliochoka. Pumzika, hamia upande mwingine, na rudi kwenye mizani wiki hii. Usiendelee na mguu unaotetemeka ukiwa kwenye mgongo wa mtu.

*Mimi ndiye ninayetoka na kiuno.* Viti viko mbali, unainama kuvifuata. Visogeze mpaka mikono ishike bila kunyooka kabisa. Pia angalia hatua ya 9: wengi husimama mbali mno na godoro.

*Mume wangu ni mkubwa, hasikii kitu.* Usiongeze kilo haraka. Ongeza muda: badala ya pumzi mbili, kaa tano. Kisha punguza eneo: badala ya unyayo mzima, sehemu ya mbele tu, na kisigino kwenye kalio. Uzito uleule ukikaa kwenye eneo dogo unaingia ndani zaidi. Ndiyo maana kisigino kinaumiza haraka.

*Misuli inazidi kukaza kila nikibonyeza.* Umezidisha, au unabonyeza akivuta pumzi. Toa nusu ya uzito.

*Mgongo umelia "kwa".* Kama haumi, acha kituo hicho, endelea kwingine kwa upole. Kama anaumia, simamisha kazi.

*Kesho yake anaumwa mwili mzima.* Maumivu ya misuli kama ya mtu aliyelima shamba, ya siku moja au mbili, ni ya kawaida kwa aliyekandwa mara ya kwanza. Maji ya moto na kutembea vinasaidia. Alama za bluu si za kawaida: ulizidisha, au damu yake inavilia kirahisi na hakukuambia. Mwulize dawa anazotumia kabla ya kurudia.

*Amepata kizunguzungu.* Aliinuka haraka. Mlaze ubavu, mpe muda na maji.

*Nafuu inadumu jioni moja tu.* Hilo si kosa lako. Kwa maumivu ya kiuno masaji huleta nafuu ya muda mfupi, na tusiwadanganye watu zaidi ya hapo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023, masaji ilitajwa, lakini pamoja na mazoezi na elimu ya kujitunza. Kwa hiyo itumie ile jioni. Siku mgongo umelegea ndiyo siku ya kutembea nusu saa, kubadilisha kiti cha kazini, kuacha kubeba ndoo upande mmoja. Mkande mara moja au mbili kwa wiki, si kila siku. Wiki sita zikipita hali ni ileile, apimwe.

*Nataka sasa nitumie mafuta, au nisimame na miguu miwili.* Hapo umetoka kwenye mwongozo huu. Tafuta mwalimu aliyefundishwa, alale yeye kwanza umkande, akusahihishe akiwa chini ya unyayo wako.

*Baada ya kukandwa amepata ganzi isiyoondoka, mguu umekosa nguvu, anashindwa kukojoa, kifua kinabana au damu imeonekana kwenye mkojo.* Usimkande tena "kurekebisha". Mpeleke hospitali, na mwambie daktari wazi kwamba alikandwa kwa miguu, sehemu gani, na lini.